Kamisheni Inatoka Mfukoni mwa Nani?

Mazungumzo na wajasiriamali wa majumbani, Mwendakulima, Manispaa ya Kahama



Tumeombwa kuzungumzia jambo ambalo wengi wenu mnaliita "biashara ya linki": kuuza bidhaa ya mtu mwingine kwa njia ya simu, ukiwa nyumbani kwako, na kulipwa kamisheni kwa kila mteja anayenunua kupitia kiungo ulichomtumia. Waliotualika wanataka tueleze jinsi ya kuchagua programu iliyo njema kati ya nyingi zinazotangazwa. Tutaeleza. Lakini inafaa kwanza tuseme kwa nini mazungumzo haya yana uzito wa pekee hapa Buzwagi.

Mgodi huu ulianza uzalishaji mwaka 2009, na uzalishaji wake ukafikia ukomo mwaka 2021. Waliokosa mshahara hawakuwa wafanyakazi wa mgodi peke yao. Mama aliyewapikia, kijana aliyewafulia, mwenye nyumba aliyewapangisha, dereva wa bodaboda aliyewangoja getini, wote walipoteza mteja siku moja. Eneo la mgodi limekwisha kutangazwa kuwa eneo maalumu la kiuchumi, na viwanda vinakaribishwa. Hata hivyo ada ya shule haingojei kiwanda kijengwe. Palipo na watu wenye akiba ndogo na haja kubwa ya kipato ndipo wanapopenda kufika wauzaji wa matumaini, na siku hizi hawahitaji hata nauli. Wanaingia kwa simu.

Tuanze na lalamiko moja tulilolipokea. Baadhi ya mambo tumeyabadilisha ili mhusika asitambulike. Ni mama anayeuza vitenge nyumbani kwake. Wifi yake alimwingiza katika kundi la WhatsApp la programu iliyojiita ya "kamisheni za bidhaa za urembo". Kiingilio kilikuwa shilingi 150,000. Kwa kila mtu ambaye angemleta, angepata kamisheni. Wiki ya kwanza alileta watu watatu, akaona fedha zinaingia kwenye simu yake, akazitoa kwa wakala, akazishika mkononi. Aliamini. Nani asingeamini? Akaambiwa akipanda daraja kwa shilingi 600,000 kamisheni itaongezeka mara tatu. Akachukua mkopo kwenye kikoba chake, akapanda, na akawaingiza wenzake wawili wa kwaya. Siku ya kumi na mbili programu haikufunguka tena, na aliyekuwa akiongoza kundi akajiondoa.

Alipokaa mbele ya meza yetu hakuanza na habari ya fedha. Alianza na wifi yake, kwamba hawasalimiani, na kwaya, kwamba hawezi kurudi. Tukamwuliza swali moja: katika siku zote hizo, ni nani aliyenunua mafuta au sabuni? Alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Hakuna hata mmoja aliyeuliza habari za mafuta."

Jibu hilo ndilo tulilokuja kulizungumza leo. Kabla hujauliza kamisheni ni asilimia ngapi, uliza inatoka mfukoni mwa nani. Ikiwa inatoka kwa mnunuzi aliyetaka bidhaa, akaipata na akaridhika, hiyo ni biashara, iwe kubwa au ndogo. Ikiwa inatoka katika kiingilio cha mtu anayefuata nyuma yako, hiyo si biashara hata kama imevikwa chupa za mafuta, vyeti na picha za magari.

Kazi ya kamisheni yenyewe si ngeni kwetu, wala si aibu. Aliyewahi kwenda Kariakoo anamjua winga: humpokea mteja barabarani, humwongoza hadi dukani, na ujira wake hutoka kwa mwenye duka au katika "cha juu" alichoongeza juu ya bei. Dalali wa nyumba hufanya hivyo. Wakala wa fedha kwa simu hapa mtaani hulipwa kamisheni kwa kila muamala. Wakala wa bima hulipwa na kampuni ya bima, naye hutakiwa kuwa na leseni. Uuzaji wa kamisheni mtandaoni ni uwinga uliohamia kwenye simu. Unapewa kiungo chenye alama yako. Mteja akikibofya, tovuti ya muuzaji huweka kumbukumbu ndogo katika simu yake, iitwayo kidakuzi, inayosema kwamba mteja huyu ameletwa na wewe. Akinunua, unaandikiwa sehemu yako. Kampuni ya Amazon ya Marekani ilianza mpango wa namna hii mwaka 1996, na kampuni nyingi zikafuata.

Sasa mtazameni winga wa kweli kwa makini. Je, winga hulipa kiingilio ili aruhusiwe kumpeleka mteja dukani? Je, hulipwa kwa kumleta winga mwingine? Halipi, wala halipwi kwa hilo. Mwenye duka anamhitaji yeye kuliko yeye anavyomhitaji mwenye duka. Programu inayokudai fedha ili uiuzie bidhaa zake imegeuza mambo: mteja wake ni wewe.

Kipimo hiki hatukukibuni sisi. Mwaka 1975 Tume ya Biashara ya Marekani ilitoa uamuzi juu ya kampuni ya vipodozi iliyoitwa Koscot Interplanetary. Kampuni hiyo ilikuwa na bidhaa halisi, poda na krimu zinazoshikika. Hata hivyo iliamuliwa kuwa mfumo wake ni wa piramidi, kwa sababu mtu alilipa fedha ili apate haki mbili: haki ya kuuza, na haki ya kulipwa kwa kuingiza wengine pasipo malipo hayo kutegemea mauzo kwa mtumiaji wa mwisho. Tunalikumbusha jambo hili kwa kuwa mara nyingi tunaambiwa, "Lakini hawa wana bidhaa, si kama wale wa zamani." Kuwapo kwa bidhaa hakutoshi. Linaloangaliwa ni fedha inaingia kwa mlango upi.

Wale wa zamani, wakubwa mliopo hapa mnawakumbuka. Watu walikwenda DECI "kupanda mbegu" wakiahidiwa "mavuno" baada ya miezi michache. Waliotangulia walivuna kweli, na mavuno yao ndiyo yaliyokuwa tangazo. Mwaka 2009 Serikali iliingilia kati, na mwaka 2013 Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu iliwatia hatiani baadhi ya viongozi wake. Kuendesha upatu wa namna hiyo ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu. Mapema mwaka 2025 polisi katika mikoa kadhaa waliwakamata watu waliohusishwa na jukwaa lililojulikana kwa herufi LBL, ambalo watu walilipia kuingia ili walipwe kwa kutazama vipande vya filamu kwenye simu. Kati ya mbegu za 2009 na filamu za 2025 kilichobadilika ni mavazi.

Tutoe angalizo, maana neno upatu lina maana mbili na hatutaki kumtia mtu hofu bure. Mchezo wa kina mama kumi wanaofahamiana, ambao kila mwezi humpa mmoja wao mpaka wote kumi wapate, hauna ubaya huo. Fedha inazunguka na haitegemei mtu wa kumi na moja. Piramidi humtegemea yeye siku zote.

Hesabu yake ni nyepesi na inafaa kila mtu aifanye mwenyewe kwa kalamu. Ikiwa kila mmoja atatakiwa kuleta watu watano, ngazi ya kwanza ni watu 5, ya pili 25, ya tatu 125. Inaonekana inawezekana. Ngazi ya sita ni 15,625. Ngazi ya tisa ni 1,953,125. Ukijumlisha ngazi zote tisa unapata watu 2,441,405, na Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu takribani milioni 2.2 katika mkoa wote wa Shinyanga, vichanga wakiwamo. Kwa hiyo kabla ya ngazi ya tisa kwisha, watu wa mkoa wamekwisha, na ngazi ya mwisho, iliyo kubwa kuliko zote zilizotangulia zikijumlishwa, haina wa kumleta.

Basi tuseme umeuliza swali la kwanza, na programu imejibu vizuri: haidai kiingilio, inalipa kwa mauzo tu. Je, ni njema kwako? Bado. Programu ya haki inaweza kuwa haikufai kabisa, na hapa ndipo wengi wenye bidii hupoteza muda badala ya akiba.

Jambo la kwanza ni kujua watu wako ni akina nani. Kiungo chako kitasomwa na majirani, wanakwaya wenzako, wateja wako wa vitenge na marafiki wa shule. Je, wananunua nini? Kuna vijana wanaojiunga na programu za Amazon kwa kuwa wamesikia ni kubwa, kisha wanatuma viungo vya majokofu kwa watu wa Mhongolo, watu wasionunua chochote Amazon, kwa bei ya dola, pasipo njia rahisi ya kufikishiwa mzigo. Programu hiyo inaweza kumfaa mtu mwenye wasomaji Marekani au Uingereza. Yenyewe ina masharti yake: mteja akibofya, una saa 24 tu za kuhesabiwa bidhaa aliyoitia kikapuni, na mwanachama mpya asipopata mauzo matatu ndani ya siku 180 akaunti yake hufungwa. Ni afadhali programu ndogo ya taa za sola, mbegu bora, tiketi za basi au vifaa vya shule, vitu ambavyo jirani yako angevinunua hata usipomtumia kiungo.

Jambo la pili ni hesabu ya nyumbani. Tuchukue mfano. Taa ya sola inauzwa shilingi 60,000 na programu inakupa asilimia 5, yaani shilingi 3,000. Unatumia bando la shilingi 15,000 kwa wiki kutangaza, sawa na shilingi 60,000 kwa wiki nne. Utahitaji kuuza taa ishirini kabla hujaona shilingi moja iliyo yako. Je, mtaa wako una watu ishirini kwa mwezi wanaohitaji taa? Mwezi wa kwanza huenda wapo. Mwezi wa nne? Asilimia kubwa inayotangazwa kwa herufi kubwa isikupumbaze: asilimia 3 ya kitu kinachonunuliwa kila wiki ni bora kuliko asilimia 30 ya kitu ambacho hakuna anayekitaka.

Uliza pia fedha itakufikiaje. Programu nyingi huweka kiwango cha chini cha kutoa. Kikiwa shilingi 50,000, katika mfano wetu utangoja mpaka taa ya kumi na saba ndipo ulipwe, na baadhi ya programu hufuta kamisheni ya akaunti iliyokaa muda mrefu bila mauzo. Nyingine hulipa baada ya miezi miwili, ili zijue kwanza kama mteja atarudisha bidhaa. Akirudisha, kamisheni hufutwa, na hilo ni haki. Nyingine hulipa kwa njia ambazo mtu wa Kahama hawezi kuzipokea kwa urahisi, kama hundi ya ng'ambo, au akaunti ya mtandaoni inayokuruhusu kulipa bila kukuruhusu kupokea. Jaribu njia ya malipo kabla ya kuanza kazi. Tumeona mtu mwenye kamisheni halali ya dola themanini ambayo mpaka leo anaitazama kwenye skrini.

Soma mkataba, hasa sehemu inayosema nani anaweza kubadilisha masharti. Kwa kawaida ni kampuni peke yake. Mwezi Aprili 2020 Amazon ilipunguza kamisheni ya samani kutoka asilimia 8 hadi 3, na ya vyakula kutoka 5 hadi 1, na waliokuwa wameegemeza riziki yao huko walijua kwa tangazo tu. Programu pia hufa. Mwezi Novemba 2019 kampuni ya Jumia ilifunga shughuli zake Tanzania, ingawa iliendelea Kenya na Uganda. Hapakuwa na utapeli wowote katika hilo. Ni uamuzi wa biashara. Lakini aliyekuwa na kikapu kimoja alibaki na mikono mitupu. Kwa maoni yetu, mama wa vitenge asiache vitenge kwa ajili ya kiungo. Kiungo kikae pembeni ya vitenge.

Mengine tutayapitia kwa haraka. Cheti cha BRELA huonyesha kwamba kampuni au jina la biashara limesajiliwa. Si kibali cha kupokea fedha za watu kama amana au uwekezaji. Anayepokea amana anatakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu ya Tanzania, na anayeuza uwekezaji ana Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Ukiona cheti kimetumwa kwenye kundi, soma kimeandikwa nini, usiangalie nembo tu. Unapolipa kwa simu, tazama jina linalotokea kabla ya kuthibitisha. Kampuni inayojiita ya kimataifa ikipokea fedha kwa laini ya mtu binafsi, na wiki ijayo kwa laini ya mtu mwingine, acha hapo hapo. Programu halali itahitaji jina lako na njia ya kukulipa. Haihitaji namba yako ya siri ya simu, wala haina sababu ya kukuomba usajili laini kwa kitambulisho chako kisha uwaachie wao. Na kamisheni ni kipato: uliza mapema ofisi ya TRA kuhusu TIN na kodi, kabla hawajakuuliza wao.

Kuna upande mmoja ambao wajasiriamali huusahau, nao ni upande wa mteja wenu. Unapotuma kiungo na kuandika kwamba dawa hii inaponya vidonda vya tumbo, ni wewe uliyesema. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kuwapotosha wanunuzi katika biashara, na kusema "nilitumiwa hivyo na kampuni" hakumponyi aliyekunywa. Mwambie jirani waziwazi kwamba akinunua kupitia kwako unapata kitu. Hatujawahi kusikia mteja wa Kahama aliyekataa kununua kwa sababu hiyo. Winga naye hulipwa na kila mtu anajua.

Hapo ndipo tunaporudi kwa yule mama. Alituuliza kama na yeye ana kosa, kwa kuwa aliwaingiza wenzake. Ni swali gumu, na tulimjibu kwa uangalifu. Hakujua, na alipoteza kuliko wote aliowaleta. Lakini wanakwaya wale hawakuziamini picha za magari, walimwamini yeye. Piramidi haina mtaji mwingine zaidi ya huo. Inakopa uaminifu ambao mtu ameujenga kwa miaka ishirini ya kuuza vitenge visivyochuja, inautumia kwa siku kumi na mbili, na hairudishi.

Na fedha? Tunawaambia ukweli kwa kuwa si desturi yetu kuahidi tusichokiweza. Katika malalamiko ya namna hii mara nyingi fedha huwa imekwisha kutolewa kwa mawakala mbalimbali kabla mlalamikaji hajafika kwetu au polisi. Anayefika ndani ya saa chache, akiwa na namba ya muamala, jina lililotokea na mazungumzo yote ya WhatsApp, ana nafasi; mtandao wa simu unaweza kuombwa uzuie fedha iliyobaki kwenye laini hiyo. Anayefika baada ya wiki tatu, akiwa amefuta kundi zima kwa hasira, hutuachia maneno matupu. Kwa hiyo msifute. Pigeni picha ya skrini, andikeni tarehe, nendeni kituo cha polisi mpewe namba ya taarifa. Namba ya simu inayotuma ujumbe wa kitapeli itumeni kwenda 15040. Na aliyeingizwa na ndugu, mwende pamoja na huyo ndugu. Wifi wawili wenye kumbukumbu za aina moja ni ushahidi mzuri kuliko mmoja mwenye kinyongo.

Mama yule alikwenda hatimaye na wifi yake. Hawakukaa benchi moja, lakini walikwenda, na maelezo yao yaliandikwa. Kikoba kimekubali alipe mkopo kidogo kidogo kutokana na vitenge.

Tutakuwa hapa ukumbini hadi saa kumi jioni, katika meza mbili zilizo karibu na mlango. Mwenye programu anayofikiria kujiunga nayo aje na simu yake, atufungulie ukurasa wa masharti, tuusome pamoja. Mwenye kundi ambalo amekwisha kuingia na linamtia shaka aje kwanza, kabla ya wengine, hasa kama ameambiwa leo ndiyo siku ya mwisho ya kupanda daraja.